Kikapu cha Kaveera

Siku hizi Alhamisi ikifika hakuna anayesema "fumua" kwenye baraza la nyumba za familia. Wake wa askari wanakaa kwenye mikeka, kila mmoja na kikapu chake mapajani, na mstari ukienda mrama unaachwa uende. Hapo nyuma neno hilo lilitoka pembeni, karibu na nguzo, kwa sauti isiyopanda: "Fumua." Ukiuliza kwa nini, uliambiwa, "Macho iko. Angalia." Ukaangalia, ukafumua. Walimchukia kidogo aliyelisema, na kazi zao zilikuwa nzuri kuliko zilivyo sasa. Pale penye nguzo pana kivuli kizuri, lakini hakuna aliyehamia.

Aliyekuwa akikaa hapo ni Gorret, mke wa Sajini Jovan. Kambi iko upande wa Biharwe, na majirani walimwita Mama Emmy kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alizaa wana wa kiume tu, na wote walikuwa wameshakwenda kutafuta maisha. Binti aliyekuwa naye ni Atuhaire, mtoto wa kaka yake wa Ngarama, aliyefiwa na mama akiwa bado anatambaa. Gorret alimbeba mgongoni akamleta kambini, akamlea kati ya milio ya parapanda na nguo za kijani zilizoanikwa.

Kwa Wanyankore, shangazi huitwa shwenkazi, na cheo chake si cha jina tu. Yeye ndiye anayemfunza binti mambo ya nyumba. Yeye ndiye anayemsukia endiiro, kikapu cha kupakulia karo, ule ugali mweusi wa ulezi, siku ya kumtoa kwao. Jua likielekea kuzama siku hiyo, ndiye anayepanda gari na bibi harusi na kumfikisha kwa mumewe, wameshikana mikono. Mama mzazi hubaki nyuma. Shangazi huenda. Gorret, ambaye hakuwa mama wa Atuhaire na alikuwa amefanya kazi yote ya mama, aliitazamia safari hiyo fupi kwa miaka mingi, kama mkulima anayetazama shamba moja tu lililobaki.

Kusuka alifundishwa na bibi yake huko Ngarama. Alijua majani gani hukatwa kabla ya jua kupanda, tope la bonde lipi hutia weusi usiochuja, na namna ya kuloweka uzi wa mgomba usikatike. Kambini wanawake walitoka Arua, Soroti na Kasese, na wote walijifunza kwake. Hapakuwa na fundi mwingine. Alizoea kuwa peke yake kileleni, akadhani ule ndio utulivu wa moyo wake.

Kisha Bella, mke wa koplo mmoja, mwenyeji wa Arua, akamleta mgeni. Alikuwa amemkuta soko la Mbarara.

"Huyu ni ile mama ya Nakivale mimi nilisema kwa nyinyi," Bella alitangaza. "Anashika kaveera, anafanya mpaka inakuwa kitu ya maana."

Mgeni aliitwa Eugénie, au Mama Elisée kwa jina la mwanawe, Mkongomani wa Walungu, Kivu Kusini. Kwao alisuka kwa matete na mianzi. Alipofika Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, mafunjo ya ziwani yalikuwa mbali na hayakukatwa ovyo, lakini takataka zilikuwa mlangoni. Akaanza kufumua magunia ya unga, akikata mifuko ya plastiki, hiyo kaveera, kuwa kamba nyembamba na kuzivuta kwa nguvu mpaka zikakaza kama nyuzi za gitaa. Alitoa kazi zake ndani ya kitenge, akazipanga mkekani.

"Kaveera?" Gorret aliuliza. "Kaveera inaziba mufereji, mvua inaingia kwa nyumba yangu. Mbuzi ikikula, inakufa. Sasa leo nakuja kukaa kwa meza?"

Eugénie alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuulizwa. "Njo maana minaiokota mu njia, mama. Mbuzi yako isikufe."

Baraza zima likacheka. Gorret naye alicheka, ila alichelewa kidogo, na katika kule kuchelewa aliona kitu: macho ya wanawake yalikuwa yamegeukia upande mwingine.

Bella aliinua sinia lenye mistari myeusi inayong'aa. "Hii nyeusi ni nini, Mama Elisée? Inawaka kama kiatu ya afande."

"Ni kaseti za pasteur wetu. Sasa mahubiri iko mu simu, kaseti anatupa. Mi naokota."

"Basi hii kikapu imeokoka!"

"Ukikula ndani yake," mwingine akadakia, "unaanza kunena kwa lugha."

Wivu wa fundi hauanzi moyoni. Huanza vidoleni. Gorret alilishika lile sinia akiwa na nia ya kulirudisha haraka, lakini kidole gumba chake kilipita juu ya mishono, kikaenda mpaka kwenye ukingo, na hakikukwama popote. Alitafuta mahali pa kusema "fumua." Hapakuwapo. Alilirudisha akasema, "Mimi kitu ya takataka hapana zoea," akainamisha kichwa kwenye kazi yake. Aligundua kwamba mikono yake ilikuwa inajua kitu ambacho yeye hakutaka kukijua.

Tangu siku hiyo Eugénie alikuja kila Alhamisi. Wanawake waliacha majani mmoja baada ya mwingine. Kaveera ilipatikana kila mahali na haikuhitaji kulowekwa. Jambo lililomuudhi Gorret kuliko yote ni tabia moja ndogo: kabla ya kupitisha kamba ya plastiki, Eugénie aliipitisha midomoni kwanza, kuilowesha, kama wafanyavyo wasukaji wa majani kila mahali. Plastiki hainywi maji. Ilikuwa desturi tu iliyobaki mdomoni baada ya matete kuisha. Lakini Gorret alipoiona alimwona bibi yake, na hakupenda kumwona bibi yake kwenye uso wa mwanamke huyo.

Atuhaire alikuwa na miaka ishirini na minne, akiuza dawa katika duka moja mjini Mbarara. Alikuwa amechumbiwa na Mugisha, fundi wa magari wa Ruti, na siku ya kumtoa ilikuwa imepangwa. Alhamisi moja alipita kambini akitoka kazini. Akaona vikapu vya Eugénie, akachuchumaa. Alivigusa taratibu, kimoja baada ya kingine, na Gorret aliona jinsi alivyovigusa.

"Shwenkazi," Atuhaire alisema kwa Kinyankore, bila kuinua macho, "nataka endiiro yangu iwe namna hii."

Kwa mara ya kwanza Gorret alifikiri kwamba angeweza kuisuka hiyo plastiki, kwamba usiku mmoja wa kujaribu ungetosha. "Nitakusukia," alisema.

"Hapana, usijisumbue. Macho yako yamechoka, kila siku unalalamika. Mama Elisée atasuka." Kisha akaongeza, akitabasamu kama anayetoa zawadi, "Lakini nakshi iwe ya kwetu. Ile ya bibi. Utamwazima ile endiiro ya Ngarama aitazame?"

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti ile. Angekuwa na dharau, Gorret angejua la kufanya. Lakini msichana alikuwa anamhurumia, na huruma hiyo ilimpita Gorret kama kisu kinavyopita kwenye ndizi mbivu, bila kelele.

Alikwenda Ngarama mwenyewe kuileta. Ile endiiro ya bibi ilikuwa na nakshi ambayo ukoo wao uliiita Ng'ombe Wanaosalimiana: pembe nyeusi zinazoelekeana jozi kwa jozi, na kati yake mstari mwembamba wa hewa, kama pumzi. Ugumu wake ni ule mstari. Ukibana sana, pembe hugongana. Ukilegeza, ng'ombe hawajuani. Gorret ilimchukua muda mrefu ujanani kuupata. Aliikabidhi ile endiiro ikiwa imefungwa kwa leso.

Eugénie aliifungua. Aliigeuza, akachungulia chini, akahesabu mizunguko kwa kucha. "Aliyesuka hii alikuwa mutu mukubwa," alisema mwishowe.

"Bibi yangu."

"Inaonekana." Akamtazama Gorret kwa heshima ya kweli. "Mama Emmy, unisaidie. Siku ya ndoa, mu kikapu bataweka nini?"

Wanawake wa Arua na Soroti hawakujua desturi za Ankole, na hata anayejua hasemi mbele ya mwenye mila. Atuhaire hakuwapo, na hata angekuwapo, yeye alikulia kambini, akila karo kwenye sahani ya bati, na harusi alizoziona mjini zilikuwa na endiiro ya kupigia picha.

Gorret alijua. Kwa kaka yake Ngarama mambo yalifanywa kwa ukamilifu: karo hutolewa jikoni ikiwa bado inatoa mvuke, shwenkazi huipakua mwenyewe ndani ya endiiro, huifunika na kuipeleka mbele ya wakwe ingali ya moto, maana karo iliyopoa ni tusi. Na kaveera iliyovutwa mpaka ikakaza, ikipata moto, hujikunja na kurudi ilikotoka. Mtu yeyote aliyewahi kuweka mfuko karibu na jiko anajua.

"Chakula," alisema.

"Chakula tu?"

"Chakula."

Neno hilo moja lilikuwa kweli tupu. Lilikaa tumboni mwake wiki zote zilizofuata.

Sajini Jovan aliona mkewe hali chakula vizuri. "Wewe nagonjwa?"

"Hapana."

"Ni ile Mukongo?" Akacheka akivua buti. "Mama Emmy, mimi nimepigana na adui ya bunduki, adui ya panga. Adui ya kaveera sijaona."

Kila Alhamisi Gorret aliitazama endiiro ikikua mapajani mwa mwanamke mwingine. Sehemu nyeupe ilitoka kwenye magunia ya unga, nyekundu kwenye nyavu za vitunguu, na pembe kwenye utepe wa kaseti, nyeusi ing'aayo kupita weusi wote wa matope ya Ngarama. Ule mstari wa pumzi ulikuwa sawasawa. Wakati mwingine ng'ombe wale walionekana kusogea. Gorret alitamani wakosee. Alitamani hivyo akiwa kanisani, akiwa anafua, akiwa anamfunza Atuhaire jinsi ya kumpokea mama mkwe. Nakshi ya bibi yake ilikuwa imempata mtu aliyeiimba vizuri zaidi, na alichoka kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Mara nyingi alifungua kinywa aseme. Siku moja Eugénie alimwonyesha kikapu kilichokaribia kuisha, akauliza, "Iko fasi haiko muzuri? Uniambie tu, mama." Gorret aliangalia kila mahali. "Iko sawa," alisema. Akaenda zake kupika.

Siku ya kumtoa Atuhaire ilikuwa Jumamosi ya jua kali. Uani Ngarama, kwa kaka yake Gorret, kulisimamishwa mahema mawili yaliyotazamana, la wenyeji na la wakwe kutoka Ruti. Wanawake wa kambi walikuja kwa gari moja, na Eugénie alikuwa kati yao, amevaa kitenge kipya, kiti chake kikiwa safu ya nyuma kabisa.

Gorret alikuwa jikoni. Alisonga karo mwenyewe, mwiko kwa mikono miwili, mpaka ikawa nzito na laini na kuta za sufuria zikasafika. Mvuke ulimpanda usoni. Pembeni yake, juu ya kigoda, endiiro ya kaveera ilisubiri, wazi kama kinywa. Mbele ya mlango wa jiko ilianza migomba, na majani yake yalikuwa karibu kiasi kwamba moja lilikuwa likigusa paa. Jani moja lingetosha. Ungelikata, ukalipitisha motoni lilainike, ukalitandika ndani ya kikapu, na hakuna mkwe ambaye angeuliza lolote.

Alilitazama jani lile. Alisimama akilitazama mpaka karo ikaanza kuungua chini. Nje waliimba, wakimwita shwenkazi alete chakula. Katika wimbo ule alisikia jina la cheo chake, akafikiri: waone. Waone takataka ni takataka. Hakuwaza zaidi ya hapo. Wivu humpa mtu macho makali ya kuona hatua moja, na kumnyima ya pili.

Akapakua.

Alipofika katikati ya uwanja, kikapu kilikuwa kimeanza kuwa hai mikononi mwake. Alihisi kamba zikijivuta, zikirudi, kama mnyama anayejikunja. Akakiweka mbele ya baba yake Mugisha, akapiga magoti, akafunua.

Harufu ilitangulia. Kisha watu wakaona: ukingo ulikuwa umekunjamana upande mmoja, kitako kimejivuta juu, na endiiro nzima imekaa kama kofia iliyokaliwa. Baba yake Mugisha alimega tonge kutoka pembeni, akaligeuza. Upande wa chini wa karo palikuwa na alama za pembe nyeusi, zimenakiliwa wazi, jozi kwa jozi, na mstari mwembamba katikati.

Kisha mtu wa hema la wakwe akapaliwa na kicheko.

Msemaji wao, mzee mwenye fimbo na ulimi wa kazi hiyo, akasimama. "Ndugu zetu, kwetu Ruti karo tunaila bila kuandikwa. Tuambieni, nani ametusukia endiiro hii inayokunja ngumi mbele ya wageni?"

Na hapo Gorret aliiona ile hatua ya pili. Swali hilo, katika uwanja huo, lina jibu moja tu. Endiiro ni ya shangazi. Hata iwe imesukwa na nani, imenunuliwa wapi, uani kwa Munyankore ni ya shangazi.

Msemaji wa kwao alijibu haraka, akijaribu kuokoa jahazi. "Ni mkono wa shwenkazi wa mtoto. Gorret, binti wa nyumba hii."

"Huyu?" Mzee akamtazama aliyepiga magoti. "Basi Mugisha mwanangu, tunamshukuru Mungu unaoa mpwa, huoi shangazi."

Mahema yote mawili yakacheka. Safu ya nyuma, Eugénie alikuwa amesimama nusu, mkono juu, mdomo wazi. "Ni miye..." alianza, na Bella akamvuta kitenge akakaa. Gorret aliliona hilo pia. Aliona kwamba mwanamke yule alikuwa tayari kubeba aibu isiyo yake, mbele za watu wasio wake, na hata hilo alimwonea wivu. Hakuweza kusema, "Si mimi." Shangazi ambaye hakumsukia bintiye ni hadithi mbaya kuliko shangazi asiyejua kusuka.

Wakaleta sahani. Sherehe iliendelea, maana ng'ombe walikuwa wameshapokelewa na bia ilikuwepo. Gorret alirudi jikoni akikishika kile kikapu. Eugénie alimfuata.

"Mama Emmy. Ilikuwa ya moto?"

Gorret alisugua sufuria.

"Ungeniambia ni ya moto, ningeweka majani ndani, kaveera inje. Si kazi nguvu. Weye una majani, mi niko na kaveera. Tungesuka pamoja, sisi wawili." Akasubiri. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya chini sana. "Nilikuuliza."

"Ulisema ni chakula tu," Gorret alijibu, akijua kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema.

Eugénie alikitazama kikapu chake kwa mara ya mwisho, akatoka.

Aliyekuja baada yake ni Atuhaire, amevaa nguo ya kuondokea, mabega yanang'aa mafuta. Hakukaa. Alichungulia ndani ya kikapu, akanyanyua macho mpaka kwenye lile jani lililogusa paa. Alikuwa amefunzwa na Gorret kuangalia kabla ya kuuliza.

"Shwenkazi, ulijua."

"Mwanangu..."

"Ulijua, ukamwacha. Ukaniacha na mimi." Hakulia. "Nimemwambia baba. Atakayenipeleka ni shangazi Yayeri."

Yayeri alikuwa binamu ya baba yake, mwanamke mwema wa Kabuyanda ambaye Atuhaire alimjua kwa kuonana naye misibani. Gari lilipoondoka, Gorret alikuwa bado jikoni. Kutoka pale alisikia vigelegele vikipanda, kisha vikielekea barabarani, kisha injini, kisha kuku.

Alirudi Biharwe, akakaa barazani Alhamisi tatu au nne. Hakuna aliyemsema. Eugénie alimsalimu kama zamani, labda kwa upole zaidi, na hilo halikusaidia. Punde akaleta kazi mpya: endiiro yenye majani ndani na kaveera nje, Ng'ombe Wanaosalimiana wakizunguka ukingo. Majani aliyapata kwa wanawake wa Ngarama wanaokuja sokoni Nakivale. Bella alimwaga chai ya moto ndani, kwa utani, na kikapu hakikutikisika. Duka moja la Mbarara lilikitaka, kisha vingine. Cha kwanza kabisa, Bella alisema bila kufikiri, kilikwenda Ruti, kwa Atuhaire.

Kikapu kilizunguka mkono kwa mkono. Kilipomfikia Gorret, alipitisha kidole gumba juu ya mishono mpaka ukingoni. Akakipitisha kwa jirani, akakunja mkeka wake.

Mwaka uliofuata Sajini Jovan alistaafu. Sasa Gorret anaishi naye Ngarama, kwenye kipande cha ardhi cha marehemu mama yake, wanalima ndizi na maharage. Atuhaire amezaa mtoto wa kike, na Gorret bado hajafika Ruti.